Kitendawili si mtihani wa Serikali: waacheni watoto wa Buleusa watafute

Kuna neno lenye kusemwa sana Buleusa saa za jioni, wakati watoto wanapokusanyika karibu na jiko la jirani: "Hayo yote ni michezo, njaa haijibiwi kwa kitendawili." Linasemwa na wenyeji, na linasemwa vilevile na familia zilizohama makwao na kuja kutafuta usalama hapa. Neno hilo lina nusu ya ukweli, na ndiyo sababu linapendwa. Kweli, kitendawili hakijazi sufuria. Lakini wenye kulisema ni haohao wanaokaa masaa mawili wakibishana juu ya Real Madrid na Barcelona, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama Real Madrid inapika fufu.

Basi tusipoteze wakati na hoja hiyo. Watoto watacheza, wazee wakitaka wasitake. Mahali ambapo shule inafungwa kila risasi zinaposikika, mchezo wa maneno ni mmoja kati ya vitu vichache ambavyo hakuna mtu anayeweza kuvipora njiani. Haulipiwi, haubebwi kichwani, haulowi mvua. Ubishi wa kweli ni juu ya namna ya kuucheza. Na hapo lazima isemwe wazi kwamba namna inayotawala sasa, ya kujibu haraka kwa kukariri, inaharibu mchezo na inawaharibu watoto.

Angalia inavyokwenda. Mtegaji anaita "Kitendawili!" Kundi linaitika "Tega!" Anasema: "Popoo mbili zavuka mto." Kabla hajafunga mdomo, watoto kumi wamekwisha kupiga kelele: "Macho!" Makofi. Kinachofuata. Sasa waulizeni watoto hao kumi popoo ni kitu gani. Watanyamaza. Popoo ni tunda la mpopoo, mti wa pwani, ambalo watu wa Mombasa na Unguja hulitafuna pamoja na jani la tambuu. Mtoto wa Ikobo hajawahi kuliona, na pengine hata mwalimu wake hajaliona. Yule aliyetunga kitendawili hicho aliona vitu viwili vya mviringo vikifika ng'ambo ya mto kabla ya miguu, bila kulowa. Hiyo ni picha nzuri sana. Mtoto wa Buleusa amepewa jibu lake bila picha yake. Amesema "macho" bila kuona chochote.

Wazazi wanaujua ugonjwa huu, kwa sababu wanaulipia kila mwaka. Ni ule wa mwanafunzi anayesoma ukurasa wa Kifaransa kwa sauti nzuri kabisa, halafu ukimwuliza ukurasa unasema nini, anausoma tena. Mtihani wa Serikali, ule tunaouita Exetat, ulioanza mwaka 1967, umewazoeza watu nchi nzima kuchagua jibu kati ya majibu yaliyokwisha kuandikwa. Kwa mtihani wa nchi kubwa kama hii, labda hakukuwa na njia nyingine. Lakini nani aliamuru mtihani huo uletwe mpaka jikoni, usiku, kwa watoto wa miaka saba?

Wako wazee wenye kujibu kwamba hivyo ndivyo walivyopokea: kitendawili kimoja, jibu moja, na anayebadilisha jibu anaharibu mila. Wanastahili heshima, na wanastahili kujibiwa kwa mfano wa Walikale yenyewe. Mwaka 1956 mzee wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji, utendi wa Mwindo. Alisimulia, aliimba na kucheza kwa siku 12, watu wakiandika. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1969, Biebuyck akiwa pamoja na Kahombo Mateene, na leo inasomwa katika vyuo vikuu mbali kabisa na misitu hii. Sasa sikilizeni: Rureke mwenyewe alisema kwamba kabla ya hapo hakuwahi kuusimulia wote kwa siku zinazofuatana. Alikuwa na vipande, nyimbo na njia, na alikuwa akiviunganisha huku akienda. Kama angekuwa mtu wa kukariri tu, angeishia siku ya kwanza. Mila aliyoibeba mzee huyo ilikuwa ni kufikiri mbele za watu.

Chukua kitendawili ambacho kila mtu anakijua: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu la kitabuni ni yai. Mtoto aliyekulia chini ya turubai akijibu, "Ni nyumba yetu," watu watacheka, na mtegaji atasema "Umekosa." Amekosa nini? Nyumba yao haina mlango kweli. Ina pazia la gunia. Mtoto huyo ametazama, amelinganisha, amejibu. Aliyetaja yai amekumbuka tu. Mtegaji mwenye akili angemwambia: "Jibu lako linasimama. Lakini kwenye nyumba yangu hata pazia hakuna, na mwenye kukaa ndani anatoka kwa kuibomoa. Tafuta tena." Hapo mtoto atafika kwenye yai kwa miguu yake, na njiani hakuna aliyemfanya aone haya kwa turubai lao.

Kuna wenye kuuliza: basi mtu anatafutaje, kama si kwa kukumbuka? Njia zipo, na hazihitaji kitabu.

Ya kwanza ni kusikiliza sarufi. Kiswahili kinamsaidia sana mwenye masikio. Tega hiki: "Umesimama tangu enzi za babu, haujachoka." Mtegaji hakutaja kuku wala nyumba wala ng'ombe. Ametoa "u" peke yake, na hiyo "u" ni mlango. Si jiwe, maana jiwe lingesema "limesimama." Si nyumba, maana nyumba ingesema "imesimama." Ni kitu cha mti, mlima, msalaba, mlingoti. Watoto wanne wanaweza kuleta majibu manne, na hapo ndipo utamu unapoanza, kwa sababu sasa kila mmoja lazima atetee lake. Atakayesema mti ataambiwa kwamba huku kwetu mti hausimami tangu enzi za babu, unageuzwa makala kabla mjukuu hajazaliwa. Atakayesema msalaba ataulizwa kama babu wa babu alikuwa na kanisa. Mlima utabaki. Umeshinda kwa hoja, na hakuna aliyelazimika kutoa daftari.

Lazima kuwe na onyo moja. Kitendawili kikitaja mbebaji, sarufi inamfuata mbebaji na kulificha jibu. "Kuku wangu ametaga kwenye miiba" ni nanasi, lakini maneno yote yanamfuata kuku. Mwenye kujua hilo hatadanganyika. Ataachana na kuku na kushika miiba. Na jambo lingine: Kiswahili chetu cha Kivu kinapenda kusema "kitu inaanguka," "mti inasimama." Sokoni haina neno, watu wanaelewana. Lakini mtoto asiyesikia tofauti ya "inasimama" na "unasimama" amenyimwa ufunguo mmoja wa mchezo, na kesho atanyimwa alama shuleni. Sheria ya mafundisho ya mwaka 2014 imezipa lugha za taifa nafasi darasani, kama lugha za kufundishia na kama somo. Mwalimu anayetafuta namna ya kufundisha ngeli bila fimbo amekwisha kuipata.

Njia ya pili ni ya herufi, na vijana wanaipenda zaidi kwa kuwa inafanana na vitu vya simu. Mwaka 2021 Josh Wardle, fundi wa programu anayeishi Marekani, alitoa mchezo uitwao Wordle: neno moja la herufi 5, majaribio 6, na neno ni lilelile kwa watu wote siku hiyo. Mwisho wa Januari 2022 gazeti la New York Times lilitangaza kwamba limeununua. Hakuna sababu ya kuununua tena. Ubao na chaki vinatosha, au mchanga na kijiti.

Kiswahili kinautaka ujanja wake. Maneno yetu, karibu yote, yanaishia kwa vokali, kwa hiyo herufi ya tano ina nafasi tano tu: a, e, i, o, u. Anza na neno "kiatu," kisha "kesho." Kwa maneno hayo mawili umejaribu vokali zote. Tuseme mtegaji ameficha neno. Kwa "kiatu" anajibu: "a" na "t" ziko mahali pake, "k" ipo lakini mahali pengine, "i" na "u" hazimo. Kwa "kesho" anajibu: "k" na "e" zipo lakini mahali pengine, mengine hayamo. Fikiri. Ya tatu ni "a," ya nne ni "t." "E" haikai ya pili, na neno linataka vokali mwishoni, basi "e" inakwenda mwisho. "K" imefukuzwa ya kwanza, kwa hiyo inakaa ya pili. Umepata "-kate," na kilichobaki ni kichwa tu. Mkate. Majaribio matatu, bila bahati nasibu. Ukikubaliana mapema kwamba ni majina tu, si vitenzi, hakuna atakayekuja na "akate" kugombana.

Wapo wenye kuupendelea mchezo mwingine wa zamani zaidi, wa kugeuza silabi: nyumba inakuwa mbanyu. Watu wa Unguja waliuita kinyume, na mmisionari Edward Steere aliweka mifano yake katika kitabu alichokichapisha mwaka 1870. Unachekesha, unazoeza sikio, basi. Haufiki mbali.

Lakini watetezi wa michezo nao wasitie chumvi. Siku hizi kuna wenye kusema redioni na makanisani kwamba mafumbo yanazuia usahaulifu wa uzeeni, yanaponya mawazo, yanafuta vita kichwani. Polepole. Januari 2016 kampuni ya Marekani ya Lumos Labs, yenye kuuza michezo ya akili kwenye simu, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya shirika la Serikali yao kuishitaki kwa matangazo ya kudanganya juu ya mambo hayohayo. Mwenye kucheza mafumbo kila siku anakuwa hodari wa mafumbo. Hilo ni hakika. Mtoto aliyeona mambo mabaya njiani anahitaji mtu mzima wa kumsikiliza na kituo cha afya chenye dawa, na kitendawili kisiletwe kuziba pengo hilo. Kinaweza kumpa nusu saa ambayo akili yake inakwenda mahali anapopachagua yeye. Nusu saa si kitu kidogo, lakini iitwe nusu saa.

Juu ya simu, maneno machache. Kijana anatoa mega zake za mwisho ili atafute jibu, na anarudi na orodha ileile ya popoo. Kwa pesa hiyo angenunua chumvi. Vibaya zaidi ni kwamba mwenye simu ameanza kuitwa mwenye akili, na msichana aliyekaa akifikiri anaitwa mzito. Mwenye simu na awe mtegaji, kama anapenda. Kwenye kutafuta, simu ikae mfukoni.

Na mambo ya kutegea yatoke hapahapa. Chukudu inajulikana toka Goma hadi Butembo, na bado hakuna orodha yenye kitu kama hiki: "Farasi wangu hali majani, hanywi maji, akishuka mlima, kiatu changu kinalia." Au cha bidoni: "Nambeba akiwa ameshiba, ananifuata akiwa na njaa, na tumbo lake halikui." Mama wanaopanda kutoka mtoni watakijibu kabla ya wasomi. Watoto wakiulizwa watunge, watatunga juu ya ndege za kugawa vyakula, juu ya mistari ya kupokea jetoni, juu ya mvua inayoimba kwenye plastiki. Kuna watu wazima ambao hawatapenda kuyasikia hayo. Wavumilie.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo wengi wanalipita kimya. Buleusa wanaishi Wakobo, Wanyanga, Wanande, Wahutu, na kila mmoja ana vitendawili vya nyumbani. Katika Kinyarwanda mtegaji anaita "Sakwe sakwe!" na wengine wanajibu "Soma!" Ni mchezo uleule wenye mlango mwingine. Wako wazazi wanaomwita mtoto arudi nyumbani akisikia amekwenda kwenye jiko ambalo wanaita kwa lugha ile nyingine. Sababu zao zinajulikana. Kila familia katika eneo hili inaweza kuhesabu makaburi yake. Lakini tazameni matokeo. Mtoto anakua akijua jirani yake kwa jambo moja tu, lile baya. Kitendawili cha jirani kingemwonyesha kwamba kwake pia kuna uyoga wenye nguzo moja, kuna yai, kuna moshi usioshikika. Mwenye kutega kwa lugha yake atafsiri kwa Kiswahili, na kundi lijibu kwa Kiswahili. Hilo halimnyimi mtu lugha ya mama yake.

Hapo ndipo linapokuja jambo zito kuliko yote katika mchezo huu, nalo ni mji. Desturi inajulikana: kundi likishindwa, mtegaji anasema, "Nipeni mji." Wanampa mji, anaupokea, anajisifu kidogo jinsi alivyofika, alivyokaribishwa na alivyokula, kisha anatoa jibu. Pwani mchezo huo hauna uchungu. Wanampa mtu Mombasa, anaitawala dakika moja, watu wanacheka.

Huku kwetu, mtoto akishindwa anataja mji anaoujua. Na mji anaoujua ni kijiji walichokikimbia. "Nakupa kwetu." Na mtegaji, ambaye pengine ni mtoto wa kabila lenye kugombania mashamba ya kijiji hichohicho, anasema kwa furaha, "Nimechukua, nimekaa, nimekula." Ni watoto, hawana nia mbaya. Lakini wazazi wanasikia nyuma ya ukuta wa majani, na si ajabu mama akatoka na kumvuta mwanawe mkono: usimpe mtu kijiji chetu hata kwa mchezo.

Kutokana na hilo, wengine wanataka mchezo wote ukatazwe kambini. Wengine wanajibu kwamba mila ni mila, mji utolewe kama zamani. Wote wawili wanakosea. Wa kwanza wanataka kuuzima moto mzima kwa sababu ya cheche moja. Wa pili wanajidai hawajui ardhi ni nini Walikale na Masisi, na ni watu wangapi wamekufa kwa ajili ya neno "changu" na "chako." Mtu anayesema mama huyo anapita kiasi hajawahi kuacha shamba lenye maharagwe yaliyo karibu kuvunwa.

Kanuni inaweza kubadilishwa bila kuuvunja mchezo, maana kanuni za michezo zilitungwa na watu waliokuwa wakikaa hivihivi, jioni, karibu na moto. Kijiji ambacho mtu yeyote aliyeketi hapo amekikimbia, au ndugu yake amezikwa huko, hakitolewi. Hakitolewi na mwenyewe, hakiombwi na mwingine. Kama mtoto anataka kukitaja kijiji chake, akitaje kwa kukitegea kitendawili: mto wake, mwamba wake, mti wa sokoni, ili wengine watafute kinafanana na nini. Kukijua kijiji cha mwenzako ni jambo jingine kabisa na kukichukua. Na aliyeshindwa bado anadaiwa, kwa hiyo alipe kwa kazi: kesho asubuhi abebe bidoni moja ya yule mtegaji kutoka mtoni. Mama wa mtegaji hatakuwa na pingamizi.

Kwa wale ambao hawaoni raha bila mji, miji mikubwa ya mbali inabaki ruhusa. Paris, Tokyo, Chicago, Dubai. Hata Kinshasa, ambayo watoto wa huku wamekwisha kuitoa mara nyingi sana bila kuiona. Mtegaji akipewa Paris, aende Paris, ale mkate wake huko, apigwe na baridi, na akirudi asikimbilie kutoa jibu. Alale nalo. Atege asubuhi, watoto waende nalo mtoni, shuleni kama kuna shule, shambani, na jioni kila aliyepata aeleze kwanza njia aliyopitia, halafu ndipo ataje jina la kitu.